Sikutumwa Can Tho

Jumamosi iliyopita nilikuwa Arlington, kwenye sendofu, sherehe ya kumuaga bibi harusi, ya Neema, binti wa rafiki yangu. Nilikuwa nimesimama kwenye foleni ya chakula na sahani mkononi, nikipima kwa macho kama pilau itanifikia, mtu akanigusa bega. Nikageuka. Zakaria. Nywele zimekuwa nyeupe pembeni na tumbo limetangulia, lakini tabasamu ni lile lile la mtu anayekusamehe kabla hujamkosea. Huyu ndiye mwanaume niliyekuwa karibu kuolewa naye nikiwa msichana wa Sharpstown, kule Houston. Tulikuwa hatujaonana tangu zama hizo. Yeye alihamia Fort Worth, akaoa mwanamke mwema ambaye siku hiyo alikuwa meza ya tatu, amevaa kitenge kizuri kuliko changu. "Dada Skola," akasema, "hujazeeka." Nikamwambia, "Muongo. Lakini endelea." Tukacheka, tukaulizana habari za watoto, za magoti, za dawa za presha. Halafu akainamisha kichwa karibu na sikio langu, kama mtu anayetaka kukopa. "Sasa tumekuwa watu wazima, hakuna wa kukasirika tena. Niambie ukweli. Kule Vietnam ulifuata nini?"

Nikamwambia ngoja nichukue chakula kwanza. Lakini kimawazo nilikuwa nimeshasimama mbali sana na foleni ile. Swali hilo nimeulizwa kwenye maegesho ya kanisa, misibani, na kwenye sherehe za watoto ambao leo wana watoto wao. Kila mwenye kuuliza alikuja na jibu lake mfukoni: nilikuwa na mwanaume huko, nilifuata dawa, nilifuata bidhaa, nilitaka kubadili dini. Kumbuka kwamba hawa ni watu wanaosema "tembea uone" kila wapatapo nafasi. Lakini ukitembea, ukaona, ukarudi, wanakupekua mifuko. Nimeamua kujibu hapa, polepole, na ninajibu hasa kwa ajili yenu mliokulia huku Texas, ambao mnaambiwa kwamba mtu wetu huvuka bahari kwa shida, kwa kazi, kwa masomo au kwa msiba tu, na kwamba kwenda mahali ili kupaona ni mambo ya wazungu. Mimi nilikwenda kupaona.

Nilikozaliwa wapi na wazazi wangu walikuwa nani, hayo nitakuacha uyabuni mwenyewe; mwaka ule hayakunisaidia wala kunizuia. Anza na fleti ya Mama Jeni. Ilikuwa ghorofa ya pili, kwenye majengo ya rangi ya udongo yaliyozunguka bwawa la kuogelea ambalo halikuwa na maji tangu nifike. Ukipanda ngazi ulipita harufu za dunia nzima: tortilla za jirani wa Honduras, binzari ya Wapakistani, halafu vitunguu vya Mama Jeni vikikaangwa kwa ajili ya sambusa. Mimi nilipanga chumba kwake, kile cha mwisho, chenye zulia lililochomwa na pasi ya mpangaji aliyenitangulia na dirisha lililotazama paa la duka la matairi. Sebuleni kulikuwa na makochi makubwa ya ngozi ya bandia ambayo yalishika mapaja yako wakati wa joto, na kati ya sebule na jiko palikuwa na ukuta wenye tundu kubwa la mstatili, kama dirisha lisilo na kioo, la kupitishia sahani. Kupitia tundu hilo ndipo nilipoyasikia maisha yangu yakipangwa.

Kwa mwenzangu Mkongo au Mrundi ambaye hajaishi karibu na Watanzania, nieleze kidogo. Sisi harusi haifungwi na watu wawili, inafungwa na kamati. Kamati ina mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Inakutana kila Jumapili baada ya misa. Inachangisha, inachagua ukumbi, inachagua sare. Ni jambo zuri, nalisema bila kinyongo, maana ugenini bila kamati ungeolewa ukumbi mtupu na ukazikwa ukumbi mtupu. Lakini kwa desturi ya kamati yetu, bibi harusi mtarajiwa haketi kikaoni. Yeye anapika. Basi kila Jumapili ya mwaka ule nilikuwa jikoni nikikunja sambusa, na Mama Jeni, mwenyekiti, alikuwa upande wa pili wa tundu, ameketi kwenye kochi kubwa kuliko yote, akigonga meza kwa kijiko. Nilimsikia akipitisha kwamba nitaacha kazi mwezi kabla ya harusi. Nilisikia kwamba nitahamia Fort Worth, kwa kuwa Zakaria amepata nafasi kwenye ghala huko na barabara za huko hazina foleni ya magari. Mtu mmoja akauliza kama Skola ameulizwa. Mama Jeni akajibu, "Skola ni mtoto mwelewa," na kijiko kikagonga. Zakaria alikuwa pale, kwenye kiti cha plastiki, anaitikia kwa kichwa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu anayependa mambo yaende.

Kazi niliyotakiwa kuiacha ilikuwa kwenye nyumba ya kutunzia wazee, kilomita chache kutoka kwetu. Nilikuwa msaidizi wa wauguzi: kuogesha, kulisha, kugeuza wagonjwa kitandani. Hiyo ya kugeuza inataka watu wawili wanaoelewana, na mwenzangu alikuwa mwanamke wa Kivietnamu aliyenizidi miaka kumi hivi, aitwaye Thu. Siku ya kwanza aliniambia nimwite Chị Thu. Nikauliza chị ni nini, akasema ni dada mkubwa. Na mimi je? Mimi ni em, mdogo wake. Nikafurahi, maana Wamarekani walikuwa wananitaka nimwite hata bibi wa miaka tisini kwa jina lake tupu, na mdomo wangu ulikuwa unakataa. Kiingereza chetu sote wawili kilikuwa cha kuungaunga, lakini tulipogeuza mgonjwa tulihema pamoja bila kuhesabu. Chakula cha mchana tulikula chumba cha wafanyakazi, chini ya televisheni isiyozimwa. Yeye alileta wali na samaki aliyepikwa kwenye chungu kwa sukari iliyoungua na pilipili manga, mtamu na mchungu kwa wakati mmoja. Mimi nilileta maharage ya nazi. Wenzetu walifungua madirisha. Sisi tulibadilishana mabakuli.

Chị Thu alikuwa wa Can Tho, mji ulio kando ya mto mpana kusini kabisa mwa nchi yao. Alivyousimulia, ni mji ambao ukisahau chumvi unaweza kuita mashua ikuletee. Mwaka ule alikuwa anakwenda nyumbani kwa kumbukumbu ya kifo cha baba yake, siku ambayo kila mwaka ukoo hukusanyika na kumpikia marehemu vile alivyovipenda. Akaniambia, huku anachomoa mwiba mdomoni, "Njoo na wewe. Mama ana chumba." Na mimi, ambaye leo naandika kwa kiburi, nilijibu vile vile ambavyo kamati ingejibu. Nikasema, "Nije kufanya nini?" Chị Thu akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji ni maji. "Kufanya nini? Kula!"

Neno hilo lilinikaa siku nyingi. Nilikuwa nimefika Marekani kwa bahati nasibu ya green card. Nilikuwa na karatasi zangu, nilikuwa na likizo ambayo sijawahi kuigusa, na pesa nilikuwa nimeweka. Kilichonizuia kilikuwa sentensi moja tu: nina sababu gani? Nikagundua kwamba tangu nizaliwe sijawahi kupanda chombo chochote bila kutumwa. Nilitumwa dukani, nilitumwa shule, nilitumwa Marekani na matumaini ya watu. Nikanunua tiketi, halafu nikamwambia Zakaria kwenye simu. Akasema jambo la kawaida kabisa kwa mtu kama yeye: "Tulipeleke kwenye kamati."

Likaingizwa kwenye mengineyo, mwisho wa ajenda, baada ya keki. Mafuta yalikuwa yanachemka, nikapunguza moto ili nisikie. "Ana ndugu huko?" sauti ya katibu ikauliza. "Hana." "Kuna biashara?" "Nguo labda. Viatu." "Hao si ndio wanakula nyoka?" "Nyoka ni Wachina." "Wewe umewahi kula kumbikumbi, nyamaza." Kicheko. Mtu akasema nikitoka Marekani, uwanja wa ndege hawataniruhusu kuingia tena. Mwingine akasema msichana anayesafiri peke yake miezi michache kabla ya harusi, watu wa nyumbani wakisikia watasema nini? Halafu Mama Jeni, ambaye uenyekiti hakuupata kwa bahati tu, akagonga kijiko na kutoa njia. Huko wana hariri. Sare ya wasimamizi wa harusi haijanunuliwa. Basi kamati inamtuma Skola Vietnam akalete kitambaa cha kijani, na watu wakiuliza, jibu lipo. Wakapiga makofi. Kwa kweli walifurahi, na nadhani walidhani wamenipa zawadi. Zakaria akapumua kama aliyetolewa jiwe kifuani.

Nikatoka na sinia la sambusa. Nililiweka mezani, nikasema, "Ahsanteni. Lakini mimi naenda kutembea tu." Hakuna aliyechukua sambusa. Mama Jeni akasema taratibu, "Mwanangu, kutembea unatembea. Kitambaa kinakufunika tu." Zakaria akanifuata jikoni. "Skola, ni kitambaa tu. Kinakuzuia nini? Ukija nacho, mambo yanaendelea. Usipokuja nacho, mimi nitasimamaje mbele ya hawa watu?" Hakupiga kelele. Alikuwa anashika mkono wa friji kama anayezuia isianguke. Nilielewa vizuri. Nikirudi na kitambaa, nitakuwa na mume. Nikirudi bila kitambaa, sitakuwa naye. Nikamwambia nimesikia.

Kwenye uwanja wa ndege wa Saigon, ofisa kijana aligeuza pasi yangu ya Tanzania mbele na nyuma. Kazi? Hapana. Masomo? Hapana. Biashara? Hapana. Nikasema nimekuja kutembea, nikasubiri anicheke. Akagonga muhuri. Hivyo tu. Nimepigiwa mihuri mingi maishani, lakini ule peke yake ndio ulionifanya nitabasamu peke yangu hadi mlangoni. Kutoka hapo ni basi, mashamba ya mpunga pande zote, mwisho kivuko kikubwa kilichobeba basi letu pamoja na pikipiki, mabata na wauza tikiti za bahati nasibu. Siku hizi kuna daraja, Chị Thu ananiambia, unapita bila kujua umevuka. Mimi nilijua. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, yakibeba visiwa vya magugu yenye maua ya zambarau, na watu walinitazama bila kificho, nami nikawatazama bila kificho, tukawa tumelipana.

Nyumba ya mama yake ilikuwa kando ya mfereji, mbele sakafu ya vigae, nyuma mbao juu ya maji. Mama mwenyewe alikuwa mfupi, amevaa suti ya kulalia yenye maua saa sita mchana, kama wanawake wote wa mtaa ule. Alinishika kiganja, akageuza nywele zangu kwa kidole, akauliza neno moja. Nilijiandaa kwa swali nililolizoea. Chị Thu akatafsiri: "Anauliza, umeshakula wali?" Kumbe ndiyo salamu yao ya zamani. Kila aliyeingia pale, shangazi, jirani, muuza mkaa, aliniuliza hilo. Hakuna hata mmoja aliyeuliza nimefuata nini. Siku ya kumbukumbu walipika tangu asubuhi: samaki wa chungu, karela chungu zilizojazwa nyama, mchuzi mchachu wenye nanasi. Vyote vikapelekwa kwanza kwenye meza ya marehemu, mbele ya picha yake, wakawasha vijiti vya udi, tukasubiri. Marehemu anakula kwanza. Udi ukiisha, walio hai wanakaribia. Nilikaa kwenye mkeka kati ya shangazi wawili waliokuwa wakigombana kwa kunong'ona kuhusu chumvi, tumbo langu likinguruma, nikaona jinsi ugomvi ule ulivyofanana na jiko lolote la msiba nililowahi kumenya vitunguu ndani yake. Mmoja akasema kitu, wote wakacheka wakinitazama. "Anasema," Chị Thu akaniambia, "mgeni ana njaa kuliko marehemu."

Alfajiri moja tulikwenda soko la majini. Nataka ulione vizuri, kwa sababu nasikia limepungua sana, barabara zimelila. Mashua kubwa zimetia nanga katikati ya mto, ndogo zinapita kati yake, injini zinakohoa, na juu ya kila mashua kubwa umesimamishwa mwanzi mrefu. Kwenye mwanzi unatundika unachouza, ili mnunuzi akuone kwa mbali. Nanasi limetundikwa, mashua inauza mananasi. Boga, kabichi, viazi vitamu. Rahisi. Nikaona mashua imetundika suruali na blauzi, nikasema wale wanauza nguo. Chị Thu akacheka. Hapana, em, wale wanaishi humo, wamefua. Nguo zinatundikwa lakini haziuzwi. Kila mtu mtoni anajua. Halafu akanionyesha mashua iliyofunga kuti kavu kwenye mwanzi. "Hiyo ndiyo inauzwa yenyewe." Mashua nzima? Mashua nzima. Kuti ni la paa. Ukilitundika unasema nyumba inatafuta mwenyewe. Juu ya mashua ile mwanamke alikuwa amechuchumaa anakula tambi, wala hana wasiwasi. Kuti alilifunga mwenyewe.

Mashua ya tambi ikatufikia na sisi. Muuzaji alikoroga, akamimina, akanipa bakuli juu ya maji bila kumwaga tone, mashua mbili zikipanda na kushuka kwa zamu. Nilikula nikitazama miti ile ya mianzi na vilivyoning'inia. Nikafikiria sebule ya Sharpstown, na watu wema wenye kijiko, wakinifungia kuti mimi nikiwa jikoni.

Siku ya mwisho Chị Thu alinipeleka sokoni mjini, karibu na gati, kwenye maduka ya vitambaa. Nilikuwa nimemsimulia yote. Hariri ya kijani ilikuwepo. Ingekuwa vyema kusema haikuwepo, lakini ilikuwepo, kijani cha jani la mgomba likiwa changa, na muuzaji aliifungua ikamwagika kwenye meza. Niliishika. Nilijua uzito wake kwenye sanduku ungekuwa mdogo sana. Zakaria angetabasamu. Mama Jeni angeinua kitambaa juu, kamati ingepiga vigelegele, na kuanzia siku hiyo safari ile ingekuwa ya kitambaa. Udi, shangazi, bakuli juu ya maji, vyote vingekuwa mambo niliyoyaona njiani nikiwa nimetumwa. Chị Thu alisimama kando, hakusema nunua wala usinunue. Nikaikunja hariri, nikamrudishia mwenyewe kwa mikono miwili, kama desturi yao na yetu. Kama kuna msichana anasoma hapa na ana kitambaa chake cha kijani mbele yake, sitamwambia afanye nini. Namwambia tu kwamba njaa ilinishika mara moja, tukaenda kula.

Jumapili niliyorudi, kamati ilikuwa imekaa. Walikuwa wamekaanga sambusa wenyewe, zimeungua. Sikuingia jikoni. Niliketi kwenye kochi, kikaoni, ngozi ya bandia ikanishika mapaja. Mama Jeni akatabasamu akitazama sanduku langu. "Karibu nyumbani, mwanangu. Tuonyeshe basi." Nikasema sikununua. Hariri haikuwepo? Ilikuwepo, nzuri sana. Pesa zilipungua? Hazikupungua. "Sasa?" Nikasema, "Sasa sikutumwa. Nilikwenda kutembea, nimetembea, nimerudi. Kama kuna anayetaka kujua niliona nini, nitamsimulia mpaka achoke."

Nilisubiri, kwa kweli nilisubiri. Katibu alitazama karatasi zake. Zakaria akasimama, akanyoosha shati, akasema, "Nadhani hakuna kikao," na akatoka bila kufunga mlango. Wengine wakamfuata mmoja mmoja, wakiniaga kwa heshima, kama mfiwa. Nililia baadaye, usidhani sikulia, nilikuwa nimempenda. Mama Jeni alibaki. Alikusanya vikombe, akaviosha, akaniambia bila kugeuka kwamba nimekuwa mtoto wa ajabu na kwamba kodi ya mwezi ujao ni ile ile. Niliishi kwake hadi nikamaliza masomo ya uuguzi. Niliolewa miaka baadaye, bila kamati, na sambusa nikapikiwa.

Haya yote yalipita kichwani mwangu pale Arlington kwa muda wa kuchota pilau na kachumbari. Zakaria alikuwa bado ananisubiri mwisho wa meza. Neema, bibi harusi wetu, alikuwa ameshuka kutoka meza kuu kuja kusalimia wageni, gauni lake likiburuta, akasimama karibu yetu akiwa na adabu ya kutosikiliza huku anasikiliza.

"Haya," Zakaria akasema. "Ulifuata nini?"

"Nilikwenda kula tambi mtoni."

Akasubiri. "Na nini kingine?"

"Basi."

Akatikisa kichwa, akacheka, safari hii kicheko cha kweli. "Skola, bado unajibu vile vile."

"Na wewe bado unauliza vile vile, Zaka." Akaniaga, akarudi kwa mke wake, meza ya tatu.

Neema hakuondoka. Kwenye maikrofoni mshereheshaji alikuwa anamwita bibi harusi arudi mahali pake, akimtania kwamba ametoroka mapema. "Wait, aunty," akasema, halafu akakusanya Kiswahili chake chote, "hizo tambi, zilikuwa na ladha gani?"

Maisha yangu yote ya huku nilikuwa nalisubiri swali hilo. Mshereheshaji akamwita tena. Nikavuta kiti kilichokuwa kando yangu, nikaondoa mkoba, na Neema akaketi.